Aliyekuja kwa Ndege na Aliyekuja kwa Maji

Kituoni, 14 Februari

Mdogo wangu Kimya,

Habari za siku nyingi, na za huko mjini, na za wifi yangu na binti yenu ambaye mpaka leo namjua kwa sauti ya simu tu. Mimi nimefika. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta ukifungua bahasha. Viungo vyangu vyote vipo. Nimekonda, na ngozi ya mapaja imebabuka kwa petroli na maji ya chumvi yaliyokusanyika chini ya mashua, lakini muuguzi wa hapa amenipaka dawa na inakauka.

Wa nyumbani wanakusalimu. Kaburi la mama limejengewa, fundi alimaliza kabla sijaondoka. Cherehani nimemwachia jirani yetu wa mbele, yule mwenye kucheka sana. Alilia nilipompa, sijui alilia kwa ajili yangu au kwa furaha ya cherehani.

Hapa tulipo palikuwa ghala la mizigo la bandari. Wamegawa vyumba kwa mbao, ila mbao hazifiki juu, kwa hiyo anayekohoa chumba cha kwanza anapewa pole na chumba cha mwisho. Nimepangwa na mama mmoja, kazi yake mkunga, wa rika la mama yetu. Anaongea lugha yetu kwa lafudhi ya watu wa ng'ambo ya mto, na ananitawala kama vile ndiye aliyenizaa. Simu wametunyang'anya. Barua zinaruhusiwa, ila zinafunguliwa. Kama kuna mtu anaisoma hii kabla yako, naye namsalimu, na kazi njema.

Sasa jambo lenyewe. Nilipofika mezani kwa karani, kabla ya kuniuliza jina aliuliza nimekuja kwa njia gani. Nikasema bahari. Akarudisha karatasi alizokuwa ameshazishika, akachukua za rangi nyingine. Mkalimani akanieleza kuwa kuna sheria mpya: anayekuja kwa maji bila viza anasikilizwa humu humu kituoni, kwa haraka, na hata akikubaliwa hapati kibali kama cha wengine. Nikamwambia, "Lakini mdogo wangu mliompa hifadhi ametoka nyumba hiyo hiyo. Waliomchukua baba kazini ni wale wale, na nyumba iliyochomwa ni ile ile." Akauliza, "Alikuja na nini?" Nikasema ndege. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, si kwa ubaya. "Basi dada, hayo ni mambo mawili."

Hebu niambie wewe uliwaambia nini mpaka wakakuamini. Nami niseme hivyo hivyo.

Dada yako

Mjini, 9 Machi

Shikamoo dada,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Wifi yako aliniona nimeketi sakafuni akadhani ni habari ya msiba. Nilipomwambia umefika, akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu kwa fagio. Tumefurahi, dada. Pole kwa yote, na asante kwa kaburi la mama.

Sisi tuko salama. Binti ameanza shule na ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo kila neno lenye s linamtoka kwa upepo. Anataka kujua kama shangazi anajua kushona nguo za mwanasesere. Wifi yako bado anafanya usafi hospitalini, zamu zinamchosha, magoti yanamsumbua. Mimi niko kwenye mabasi ya kukodi, kama kawaida. Wanafunzi, wachezaji, wazee wa kwenda kliniki. Kazi ni kazi.

Umeniuliza nilisema nini. Dada, sikusema lolote la maana. Nilikuwa na viza ya chuo, nikashuka, nikapita kwenye korido yenye zulia, na nilipofika dirishani nikaanza kulia. Ofisa mmoja wa kike akanisogezea kiti. Akaleta maji. Wakanipeleka hoteli ndogo, wiki iliyofuata nikapewa wakili, na wakili ndiye aliyenipangia maneno yangu mpaka mimi mwenyewe nikayaelewa. Nilisikilizwa siku nzima, na mapumziko katikati. Kama ningesikilizwa siku ile niliposhuka, nisingeweza hata kukumbuka jina la mtaa wetu. Hicho ndicho nilichokuwa nacho ambacho wewe huna. Muda na kiti.

Nakutafutia wakili. Kuna mama mmoja anayejitolea, ameniahidi.

Juzi kwenye chumba cha madereva televisheni ilionyesha mashua. Labda si yenu. Mwenzangu mmoja, mtu mwema, ndiye aliyenichangishia mtoto alipozaliwa, akasema, "Hawa wanaruka foleni. Wewe ulifuata utaratibu." Wote wakageuka kunitazama nikubali. Nikasema naomba sukari.

Kuja kukuona, sijui lini. Kazi imebana. Nitajitahidi.

Mdogo wako

Kituoni, 2 Aprili

Kimya wangu,

Salamu zako zimenifikia, na mwambie binti kuwa shangazi anashona nguo za mwanasesere, za bibi harusi, za maiti, chochote mradi apewe uzi. Wifi yangu akande magoti kwa maji ya moto na chumvi, asiyavumilie tu. Mkunga ndiye anayesema hivyo, na Mkunga hapendi kubishiwa.

Hiyo foleni ya mwenzako naijua. Nilikuwamo. Mama alipokuwa bado anaweza kukaa peke yake nilikwenda ubalozini, safari ya kulala njiani. Ukuta una kidirisha cha ukubwa wa kichwa cha mtu. Nikaambiwa nilete barua ya mwajiri. Mwajiri wangu ni mimi. Nikaambiwa nilete karatasi za benki, za nyumba, na cheti cha polisi cha kuonyesha kuwa sina kosa. Polisi, Kimya. Hao hao. Nikamwuliza kijana wa kidirishani, "Na mtu anayetaka kuja kuomba hifadhi, anajipanga wapi?" Akasema, "Hiyo inaombwa ukishafika kule." Nikauliza, nitafikaje kule? Akasema, "Kwa viza." Tukatazamana. Nadhani hata yeye alisikia alichokisema. Kisha akaita anayefuata.

Kwa hiyo sikuruka foleni. Niliifuata mpaka mwisho wake, nikakuta ukuta.

Habari nyingine si nzuri. Wamenisikiliza na wamenikatalia. Mahojiano yalikwisha mkalimani hajavua hata koti. Wameandika kwamba habari ya baba "haikuthibitishwa". Nikisema kuwa nchi hii hii ilishaithibitisha kwako, wananijibu kuwa faili lako ni lako. Naruhusiwa kukata rufaa. Huyo mama wakili amenipigia kupitia simu ya ofisi, sauti yake imechoka kuliko yangu. Anasema kama wewe ukija kutoa ushahidi, kuna matumaini. Je, utaweza?

Mkunga naye amekataliwa. Waliokataliwa na kushindwa rufaa wanachukuliwa alfajiri na basi jeupe lenye mapazia. Wewe unayeyajua mabasi, hebu nieleze: kwa nini basi zima linatengenezwa na madirisha yasiyofunguka? Jasho la watu linakwenda wapi?

Nasubiri jibu lako.

Dada yako

Kituoni, 22 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima. Nilikuandikia Aprili, nikakuandikia kadi ya sikukuu ya kuzaliwa ya binti, sijapata jibu. Nikasema labda posta. Kisha nikasema labda mtoto anaumwa. Sasa sisemi tena hivyo.

Wiki iliyopita walimchukua Mkunga. Alfajiri, mlango, jina, dakika chache za kufunga mfuko. Nilimvalisha soksi mwenyewe, yeye akifunga mfuko. Nikabaki nimekaa kitandani kwake kama mjane.

Jioni wakamrudisha. Ndege haikumchukua, kuna karatasi ya nchi yetu ilikosekana. Akaingia chumbani, akaketi, akavua soksi, akaniambia habari zote kama mtu aliyetoka sokoni.

Anasema dereva alikuwa kijana mwembamba, mwenye kushika usukani kwa mkono wa kushoto, na kila akitaka kusema anasafisha koo mara mbili. Alipopanda ngazi, dereva akamwambia shikamoo mama, kwa lugha yetu. Kisha akageuka mbele haraka, kama aliyejiuma ulimi. Njiani Mkunga alibanwa na haja ndogo. Akawaomba walinzi, wakamwambia avumilie hadi uwanjani. Akaomba tena. Ana umri ule, unajua, na kibofu hakingoji ruhusa. Basi dereva akasimamisha gari pembeni, akawaambia walinzi injini imechemka, lazima ipoe, watu washuke. Mkunga akajisitiri nyuma ya ukuta wa kituo cha mafuta. Aliporudi dereva alikuwa amefungua boneti, ameinamia injini, na hakuinua uso.

"Yule kijana ana mama aliyemlea vizuri," Mkunga akaniambia. Nikamjibu ndiyo.

Sikuulizi chochote, Kimya. Nataka tu kujua jambo moja: injini ilichemka kweli?

Dada yako

Mjini, 11 Juni

Dada, shikamoo.

Injini haikuchemka.

Sisi wazima wa mwili. Binti alipata kadi yako, ameibandika juu ya kitanda.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kampuni ilishinda zabuni ya kituo mwezi wa kwanza, kabla hujafika. Walituambia ni kusafirisha watu kutoka bandarini kwenda kwenye makazi. Nikafurahi, nikasema nitakuwa nawapokea. Safari za kwanza zilikuwa hivyo kweli. Kisha zikageuka, zikawa za kuwapeleka watu uwanja wa ndege. Dereva aliyekataa aliambiwa hakuna safari nyingine kwa sasa, arudi nyumbani asubiri simu. Kibali changu kinahitaji kazi isiyokatika, na uraia vivyo hivyo. Nimebakiza mwaka mmoja. Nikasema, afadhali dereva awe mtu anayeweza kuwasalimu. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi maneno yaliniingia masikioni yakazidi kukataa kuingia moyoni.

Unajua ninachofanya mlango ukifunguka? Siangalii nyuso. Naangalia miguu inayopanda ngazi. Kidole chako kile cha mguu kilichopinda ulipoangukiwa na chuma cha pasi. Nakitafuta. Wakimaliza wote kupanda na sijakiona, ndipo napata nguvu ya kuwasha gari. Hiyo ndiyo sala yangu siku hizi, kwamba waliopanda wawe ndugu wa watu wengine. Ona nilipofika.

Ndiyo sababu sikukujibu. Ulipouliza jasho la watu linakwenda wapi, niliikunja barua nikaiweka kwenye kabati la viatu.

Wakili amenieleza habari ya ushahidi. Nikamwuliza msimamizi wangu kama naweza kupata ruhusa siku hiyo. Si mtu mbaya. Akafunga mlango, akaniambia, "Mteja wetu ni wizara. Ukisimama pale upande wa pili, mimi siwezi kukutetea." Akanipa soda. Nikainywa.

Sijui, dada. Huo ndio ukweli. Naangalia binti anavyolala halafu sijui.

Mdogo wako

Kituoni, 24 Juni

Mdogo wangu,

Usije.

Nimelifikiria bila hasira. Wewe una mtoto na mke na kitu ulichokijenga kwa miaka minane. Mimi nina mfuko mmoja na rufaa. Haina maana watu wawili waanguke kwa ajili ya mmoja ambaye huenda akaanguka hata hivyo. Wakili atasoma maelezo yako ya zamani, wakikubali kuyasoma.

Nilikasirika kidogo, kama siku mbili hivi. Mkunga akaniambia nikikasirika nifue, nikafua mapazia ya korido nzima. Sasa yamekwisha, na hasira pia.

Busu kwa binti. Na tafadhali ondoa barua yangu kwenye viatu.

Dada yako

Mjini, 21 Julai

Dada yangu,

Natumaini ulikula siku ile ya rufaa baada ya mimi na wakili kuondoka. Ulikuwa umekonda kuliko ulivyosema. Wifi yako ameniuliza habari zako nikashindwa kumweleza, nikamwambia tu nywele zako zilikuwa zimesukwa vizuri.

Najua ulinikataza. Uliponiona mlangoni ulifanya uso ule wa mama nikirudi nimechelewa. Nilitaka kukusogelea, mlinzi akasema mashahidi hawagusani na waombaji. Miaka minane, halafu meza katikati.

Nataka nikuandikie ninachokikumbuka, kwa sababu niliogopa sana na huenda nakosea. Mwenyekiti wa jopo alisema maelezo yetu yanafanana mno, akauliza kama tuliyapanga. Nikamwambia yanafanana kwa sababu nyumba ilikuwa moja. Akaandika. Kisha yule mwanamke wa wizara akauliza nafanya kazi gani. Nikasema dereva. Wa nini? Wa basi. Basi gani? Nikasafisha koo, najua, nimeambiwa na wewe nina tabia hiyo. Nikasema, "Lile lililoegeshwa nje."

Yule mwanamke akaweka kalamu chini. Akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye unayewarudisha, na wakati huo huo unaomba waaminiwe?"

Nami nikasema, "Naomba aaminiwe mmoja."

Dada, neno hilo limenikaa kooni. Mmoja. Lilitoka lenyewe, kwa woga, kwa kutaka kuwafurahisha, ili wasiseme natetea wote. Nilipokuwa natoka nilimwona mama mmoja wa makamo amekaa kwenye benchi la korido, akanitazama, akanipa salamu ya kichwa. Nadhani ni Mkunga. Nilimwona kama mmoja wa wale ambao sikuwaombea.

Kazini nilifika saa sita. Msimamizi alikuwa ameshapigiwa. Akanyoosha kiganja, nikaweka ufunguo. Akaniuliza kama ninaihitaji barua ya kusema nilikuwa mfanyakazi mzuri, nikasema ndiyo, akaiandika pale pale, nzuri kabisa. Wenzangu walikuwa wanakunywa chai. Yule aliyesema habari ya foleni akanisindikiza hadi getini. Akasema, "Hukutuambia ni dada yako." Nikasema hamkuuliza. Akasema, "Ungesema, nisingesema vile." Nimekuwa nikijiuliza kama hilo ni jambo jema au baya.

Niandikie jibu likitoka.

Mdogo wako

Kituoni, 16 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi, kwa binti mwenye upepo.

Wamenikubali.

Soma polepole yanayofuata. Nimekubaliwa kuwa nasema kweli. Kila neno kuhusu baba, kuhusu nyumba, wameandika kuwa ni kweli. Lakini kibali ni kile cha waliokuja kwa maji. Ni cha muda, na muda ukiisha nitaulizwa upya kama bado naogopa. Sitaweza kuomba uraia. Sitaruhusiwa kuhamia kwa ndugu. Ninaishi katika mji huu wa bandari, sivuki daraja, na kila Jumatatu nakwenda kuweka sahihi. Nilimwuliza wakili, "Kama nimesema kweli sawa na mdogo wangu, kwa nini ukweli wake una nguvu kuliko wangu?" Akavua miwani akaifuta. Akasema huwa analiuliza swali hilo kwenye kila rufaa, na wanamjibu kwamba ni kwa ajili ya kuwakatisha tamaa wengine wasije. Kwa hiyo mimi ni tangazo, Kimya. Nimewekwa hapa nionekane.

Nimechoka hata kukasirika. Nilipoambiwa nimekubaliwa nilicheka kwa sauti. Ndipo nikakumbuka kuna watu ng'ambo ya mbao.

Nilitaka nisikuandikie hili linalofuata, halafu nikaona kuwa tumeshafichana ya kutosha. Mkunga amekwenda. Karatasi ilipatikana. Walikuja juzi asubuhi, na safari hii ndege imempokea. Nilimpa koti langu. Amepiga simu ofisini kupitia mpwa wake, amefika, yuko kwa mpwa huyo, hatoki nje. Ameniambia dereva ni mwingine. Alimwomba asimame, hakusimama. Amelisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayetoa habari za barabara.

Sikuambii ili uumie. Ungebaki, ungesimamisha gari, naye angefika uwanjani mkavu, na angerudishwa vile vile. Umetoka, nami nimepata kibali. Nimejaribu kuyapima haya mawili na siwezi. Nadhani hatukupaswa kupewa sisi kuyapima.

Na kuhusu neno lako. Nilikuwepo, nililisikia. Mkunga pia nilimweleza, kwa sababu alitaka kujua yote. Akasema, "Kijana aliomba alichoweza kukibeba." Hayo ni maneno yake. Mimi nayaleta tu.

Dada yako

Mjini, 5 Oktoba

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ya mwisho niliisoma ikanilaza. Nimeomba anwani ya huyo mpwa wa Mkunga kwa wakili, nitamwandikia. Sijui nitasema nini.

Hapa tumehangaika. Nimefanya vibarua, kupakua samani, kuosha magari. Ombi langu la uraia limerudishwa. Kazi imekatika, kwa hiyo miaka inahesabiwa upya tangu mwanzo. Karani alinionea huruma. Akasema, "Ungevumilia mwaka mmoja tu, ndugu yangu." Nikamwambia nina dada bandarini. Akauliza kwa nini haji kukaa na mimi. Nikamweleza. Hakuwa anaijua sheria hiyo vizuri, akaisoma kwenye kompyuta yake mbele yangu, midomo ikicheza. Akasema, "Aa. Bahari." Basi.

Nilirudi nyumbani nikamweleza wifi yako kwamba tunaanza upya. Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni. Akasema, "Kama ni kuanza upya, kuanzia hapa kuna faida gani?" Nikadhani ametania. Akasema, "Wamemkataza yeye kuvuka daraja. Sisi nani ametukataza?"

Hospitali ya huko bandarini wanataka watu wa usafi, ameshauliza. Na mimi manispaa ya huko imenikubali kwenye gari la taka. Usicheke. Linafunguka pande zote, harufu ndiyo inayotoka yenyewe.

Habari ya kuhama shule nimezungumza na binti. Analia kwa sababu ya rafiki yake mmoja. Tutamzoesha.

Ila sitaki tukuangukie. Sema kama unaona vibaya. Umekaa na watu ghalani nusu mwaka, labda unataka ukimya.

Mdogo wako

Mji wa bandari, 19 Oktoba

Kimya,

Mmekula? Magoti ya wifi je?

Mimi nimepata chumba juu ya duka la mafundi nguo, na kazi dukani humo humo. Mwenye duka ananiachia suruali za watu wanene kwa sababu wengine hawazipendi. Nilipoisoma barua yako nilikuwa na sindano mdomoni, nikalazimika kuzitema kabla sijaanza kulia.

Kwanza nikataka kukuandikia usije, kama ile mara nyingine. Nikasema mnaacha mji mkubwa, shule nzuri, hospitali kubwa, kwa ajili ya mtu aliyefungiwa. Nikasema si haki sheria iliyoandikwa kwa ajili yangu iwahamishe nyinyi. Na si haki kweli, nalisema hata kama anayefungua barua bado anaendelea na kazi yake. Lakini nimechoka kusema usije. Sina nguvu nyingine ya kulisema.

Njooni. Chumba cha pili cha hapa juu kimeachwa wazi, nimezungumza na mwenye duka, ni mkali wa kelele lakini anapenda watoto wenye adabu. Mfundisheni adabu njiani. Jiko ni moja, tutagombana. Basi kubwa linaishia karibu na soko, nitakuwa nimesimama hapo, upande wangu wa daraja.

Mwambie binti nimeanza kumshonea gauni la shule mpya. Tatizo ni kwamba sijui kimo chake. Hapa dukani kila mtu ananiuliza, mtoto wa mdogo wako ni mrefu kiasi gani, nami nanyoosha mkono hewani, mara hapa, mara hapa. Nimeacha upindo mpana. Nitaukata akishasimama mbele yangu.

Dada yako